Kisanduku cha Tatu

Fomu ya kaunti ina visanduku viwili:
Ana. Hana.
Kalamu ninayo mimi.

Maabara yetu hapa Kariobangi
ilikuwa stoo ya magodoro. Feni imekufa tangu Pasaka.
Sampuli ya arobaini na moja: Mutheu,
mshonaji wa sare za shule, mimba ya wiki kumi na nane,
amekuja kupimwa yote wanayopimwa kina mama,
na katika hayo yote, kaswende.

Tone la damu, matone ya dawa, dakika kumi na tano.
(Saa ya ukutani huchelewa. Natumia ya simu.)
Mstari wa kwanza ukaja kwa kishindo, mwekundu,
ule usemao tu kwamba kipimo ni kizima.
Wa pili,
niuite mstari?
Uzi. Unywele wa kichanga.
Nikikielekeza dirishani, upo.
Nikikirudisha kivulini, haupo.

Nikamwita Nekesa. Akavaa miwani.
"Upo," akasema.
Kisha, akiwa ameshageuka: "Labda."

Tukajaribu kile kipimo cha kadi,
unaitikisa na kungoja chembe zishikane.
Hazikushikana.
Damu moja, mashahidi wawili,
na kila mmoja yuko tayari kula kiapo.

Damu haisahau, ndiyo taabu yake.
Ugonjwa uliotibiwa zamani ukapona
huacha jina humo, kama chaki iliyofutwa
ambayo bado inasomeka ukiinamisha kichwa.
Au ni ugonjwa wa juzi, haujajifunza kusema.
Au si kitu: pakiti ilipigwa na jua
juu ya pikipiki ya mgavi, ikachanganyikiwa.

Mshauri nasaha yuko likizo.
Nikavua glavu, nikatoka mwenyewe
na sentensi niliyoipiga pasi njiani:
"Matokeo yako hayajabainika."

Akanitazama kama fundi aliyeletewa kitambaa bila vipimo.
"Hayajabainika ndiyo,
au hayajabainika hapana?"

Chuoni nilifundishwa kusoma mistari.
Nikaketi. Kwanza niketi, nikaona.
Nikamwambia kutojua kwetu si kumficha,
kwamba damu nyingine itapelekwa leo maabara kubwa mjini,
kwamba sindano anaweza kudungwa leo hii,
maana kungoja kukikosea, atakayelipa ni mtoto,
na sindano ikiwa ya bure, ni uchungu wa siku mbili kuketi.
"Dawa imewahi kukukataa?"
"Dawa, hapana," akasema,
na neno lile *dawa* akaliacha peke yake hewani.

Alikunja mkono wa sweta, akaukunjua.
"Nikiwa kidato cha tatu, Kibwezi,
mama alinipeleka nikadungwa. Huku na huku.
Alisema ni malaria."

Yawezekana ndiyo hiyo, nikasema.
Ulimi ukataka kuongeza *bila shaka*.
Nikauma.

"Na Kyalo nimwambie nini?"
Kwamba naye aje apimwe. Kwamba hatumtafuti mwenye kosa.
Akacheka kidogo, bila meno.
"Nyinyi hamumtafuti."

Nilipouliza namba ya kumtumia ujumbe
alisema simu ni moja, ya nyumba.
Msiandike.
Akatoa mkobani kipande cha karatasi ya kukatia ruwaza,
nikaandika *Jumanne, saa tatu*, basi,
kwenye mchoro wa kola ya mtoto wa darasa la kwanza.
Kisha akaenda kudungwa.

Jioni, ripoti. Jumla lazima zilingane.
Nilichukua rula nikachora kisanduku cha tatu,
kimekwenda upande kidogo,
nikaweka humo alama moja.
Afisa wa takwimu akapiga: fomu yako imechafuka.
Nikamwambia ndivyo ilivyo.

Jumanne, kabla sijafungua kufuli,
yuko benchini, sindano ya kushonea kolani,
na pembeni yake mwanamume anayetazama viatu vyake.
Bahasha ya mjini haijafika.
Nikawakaribisha ndani.