Nati ya Nne

Kirikuu yangu imeinama kushoto
kama mtu aliyelalia shingo vibaya.
Tuta la Kange inasema ngo,
tuta la Pongwe inasema ngo-ngo,
na machungwa ya Muheza nyuma yanaitikia.

Vyaelea vimeundwa, husema watu.
Changu kimeundwa, na bado kimezama.

Fundi Mbaruku wa Barabara ya Kumi na Mbili
hakuinama hata kuchungulia.
Alibonyeza pua ya gari kwa kiganja,
ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikapanda,
ikakataa kutulia kama mtoto aliyenyimwa ziwa.
"Shokapu imekufa, springi iko njiani.
Ufundi elfu hamsini."
Akapiga mwayo palepale kwenye hamsini.

Mimi huhesabu kwa machungwa.
Mia tano, kwa bei ya msimu:
nikayaona yakibingirika yote kuingia gereji yake.
Tena huyu ndiye Mbaruku wa mwaka juzi,
aliyenichongea bushi kutoka tairi kuukuu,
akanitoza ya dukani, akaapa kwa mama yake,
na mama yake ni shangazi yangu.

Basi Jumapili nikasema nafungua mwenyewe.
Nimezalisha mbuzi, nimezibua choo,
miaka sita nimeshona magunia ya mkonge.
Nati ni nini?

Jeki ya kuazima kwa Semkiwa, inavuja kidogo.
Mawe mawili nyuma ya magurudumu.
Mafuta ya taa ya kulainishia kutu,
kanga mbovu chini ya mgongo.
Nati ya kwanza ikalia, ikatoka.
Ya pili ikatoka bila kulia.
Ya tatu nilipanda juu ya spana kwa miguu miwili
nikaruka, nikaruka,
jirani Mwantumu akauliza ukutani kuna ngoma gani.
Ikatoka.

Shokapu na springi yake vikaniangukia mapajani,
vizito, vyeusi, vinanuka oili.
Nikajifuta jasho, uso ukawa masizi,
nikajiona tayari nina gereji,
kibao, na kijana wa kutumwa chai.

Kisha ya nne. Ile ya juu, katikati,
inayoifungia springi ndani ya kikombe chake.
Haikuwa na kutu. Spana iliikaa kama pete.
Nikaisogeza robo,
na chuma kizima kikatoa sauti ndogo, tk,
kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema.

Nikaacha.
Springi hailali mle ndani. Imekunjwa.
Miaka kumi na moja imekunjwa
ikinibebea magunia bila siku moja kuniambia hapana,
na leo nataka kuifungulia mlango
uso wangu ukiwa kizingitini.

Nikairudisha ile robo.
Nikaviringisha chuma kwenye kanga,
nikakipakata juu ya bodaboda.
"Mtoto anaumwa?" akauliza dereva.
Nikasema ndiyo, nenda polepole.

Mbaruku hakucheka. Nilimwandalia jibu, hakucheka.
Alileta vyuma viwili vyenye ndoano,
akaibana springi kidogo huku, kidogo kule,
amesimama ubavuni, si mbele,
na mimi nikasogea ubavuni bila kuambiwa.
"Na ningeifungua vile vile?"
Akaonyesha mabati kwa kidevu.
"Lile tundu unaliona?"
Mwanga wa jua ulikuwa umeingilia pale,
duara ndogo, umetua juu ya ndoo ya spana.
Hakusema ni ya nani, wala lini.

Elfu kumi na tano. Nikalipa bila kuhesabu machungwa.
Bushi nilikagua mwenyewe, nikaing'ata kwa kucha:
mpya, ya dukani. Alijua naangalia.

Nati tatu nilizifunga nyumbani kwa mkono wangu,
ya tatu kwa kuruka.

Jana nimepita Pongwe na shehena nzima.
Kushoto kimya.
Ila kulia, nadhani,
ndogo sana, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu:
ngo.