Saba Mara Nane

Vidonge vinne kwenye karatasi ya daftari,
hesabu za mtoto wa watu, darasa la tatu labda:
saba mara nane, hamsini na nne,
pembeni kosa jekundu la mwalimu.
Elfu thelathini, alisema kijana wa duka,
na nilipouliza vinatumikaje
akanigeuzia mgongo, akapanga sabuni.

Havina jina. Havina tarehe.
Nikavifunga pindoni mwa kanga,
nikalala navyo siku tatu,
mtoto wa miezi saba akininyonya upande huu,
fundo likinichoma upande ule.

Damu ilikwisha kuanza, kidogo,
kahawia, kama doa la bibo lisilotakata,
na maumivu chini, kushoto,
mahali pamoja tu, kama pamebanwa na kidole.

Somo wangu alinifunda kukaa,
kunyamaza, kutunga shanga nyekundu na nyeupe.
Hili hakulifika.
Mficha uchi hazai, wanasema.
Je, anayeficha kwa sababu hataki kuzaa sasa?
Methali imeishia mlangoni, haikuingia.

Kitangari, asubuhi, ukungu bado umelalia mikorosho.
Kwenye benchi, Bi Mwajabu wa kamati ya maji:
"Unaumwa nini, mama Shaweji?"
"Malaria."
Akaniangalia tumbo, akasema pole.

Muuguzi Leokadia akafunga mlango,
akavuta na pazia, ingawa dirisha lina kioo cha ukungu.
"Hedhi ya mwisho?"
"Wiki tuliyopuliza salfa."
"Salfa ya kwanza au ya tatu?"
Nikacheka, sikujua kama ningecheka siku hiyo.
Kumbe naye ana mikorosho.
"Ya tatu."
Akahesabu kwenye kalenda ya chama cha msingi,
kidole kikipita juu ya picha ya magunia.
"Wiki saba, karibu nane."

Nikafungua fundo.
Njiani nilikuwa nimeshajitungia uongo wa kila mtu:
wa polisi, wa shemeji, wa mume wangu aliye Liwale.
Wake yeye sikuwa nao.

"Umemeza?"
"Bado."
"Hata ungemeza, ungekuja, ningekupokea.
Sikia. Sheria ninaijua, nawe unaijua,
sitakudanganya kuhusu hilo.
Ila hapa ninaanza na mwili wako.
Bega linauma? Ukisimama, unaona giza?"

Jana, nikasema. Jana kisimani, kidogo.

Hakupandisha sauti. Alipandisha kalamu.
"Mimba ikikaa kwenye mrija, kidonge hakiiondoi,
hata kingekuwa halisi. Na hiki sijui ni nini,
chaweza kuwa cha tumbo, chaweza kuwa chokaa.
Ungemeza, ungeona damu, ungesema imetoka,
na mrija ungepasuka umelala kitandani kwako
ukijipongeza."

Neno hilo, ukijipongeza,
ndilo lililonitoa machozi. Si mrija.

"Na kama imekaa pazuri?" nikauliza.
"Basi tutaongea tena, mimi na wewe na daktari,
mlango ukiwa umefungwa hivi hivi.
Kwanza tujue ilipo."

Akaandika rufaa kwa mwandiko unaosomeka.
Dereva alidai dizeli haitoshi,
Leokadia akatoka nje. Sikusikia alichosema.
Gari likawaka.

Vidonge alibaki navyo. Karatasi niliiomba.

Sasa nimelala Newala, kitanda cha pili kutoka mlangoni,
maziwa yamelowesha blauzi,
mtoto yuko kwa jirani anamlilia mama.
Daktari wa kipimo anaingia saa nane.
Mgonjwa wa kitanda cha tatu ana kalamu.
Nimenyoosha karatasi juu ya paja,
nimekata lile hamsini na nne
nikaandika jibu lake.
Kisha nikashika tena upande wa kushoto,
pale pale,
nikaanza kuhesabu dakika.