Nguo ya Kiwanja Namba 47

Barua ya kamati ilifika Machi,
theluji ikiwa bado imeng'ang'ania kivuli cha kibanda.
*Kiwanja chenu kimegeuka pori. Mna hadi Juni.*
Imepigwa muhuri, kama cheti cha kifo.

Halszka aliisoma mara mbili, akaikunja,
akaiweka chini ya kikombe cha chai.
Nyonga yake ya chuma ina miaka miwili sasa,
na miaka miwili imelitosha gugu la jongo
kuvuka njia, kumeza stroberi,
kupenya hadi chini ya kizingiti.
Ardhi haiwezi kukaa uchi.
Ukichelewa kuivika, hujivika yenyewe,
na haichagui kitambaa.

Mimi ni dereva wa tramu. Nilikuwa.
Miaka thelathini na mmoja juu ya reli za Łódź
sikupiga goti ila kanisani,
na huko nako ni kwa kuhesabika.
Nikasema: tumwage zege, yaishe.
"Anza na mimi," akasema,
"nusu yangu tayari ni chuma."

Basi nikamkalisha kwenye kiti cha turubai katikati ya njia,
blanketi magotini, fimbo mkononi,
na fimbo ndiyo iliyonena:
pale jua linaposhinda kutwa, udongo mwembamba kama pensheni yangu,
zaatari itambaayo. Ukiikanyaga
hukujibu kwa harufu.
Kando ya matofali, ule mmea
wenye vijani vinene kama punje za ngano,
unaoficha maji yake kama bahili afichavyo sarafu;
mwezi mzima bila mvua, haulalamiki.
Chini ya mtufaha, stroberi mwitu, warudi nyumbani kwao.

Gniewomir wa kiwanja cha pili akaleta mtambazi wa bure,
ndoo nzima, majani yanameta.
Halszka akamshukuru. Alipoondoka akaniambia:
"Huo utakula uzio, kisha kibanda,
kisha utamrudia Gniewomir."

Mei yote nilichimba.
Mizizi ya lile gugu ni myeupe kama tambi,
na kila kipande ukisahau
kinageuka ukoo.
"Usidanganyike na matunzo machache," alisema.
"Machache si sifuri.
Mwaka wa kwanza utapalilia kama mwenye deni,
wa pili kama jirani,
wa tatu utakaa."
Miche tisa kila mita. Nilipanda sita.
Fimbo iligonga jiwe mara tatu.

Kona ya nyuma ya kibanda, jua haliijui.
Nilinunua barwinek, ua la samawati,
kijani hata Januari.
Akatazama vyungu, akanyamaza.
Nchi hii hakuna asiyeijua:
ndiyo tunayowafunika nayo mama zetu makaburini.
"Usinifunike kabla ya siku yangu."
Nikavirudisha vyungu kwenye toroli.

Juni akaja Bi Teofila wa kamati na ubao wake wa kuandikia.
Akaona vijichungu vya majani, na katikati
udongo mtupu, na magome ya msonobari.
"Mbona kina vipara?"
"Mtoto huzaliwa na kipara," Halszka akasema.
"Njoo mwaka kesho na kitana."

Jioni ile akaomba nimsukume hadi kona ya giza.
Akakaa pale muda mrefu,
mbu wakimzunguka.
"Ilete ile barwinek.
Bibi yangu aliisuka kwenye taji langu siku ya ndoa.
Wewe hukuona, ulikuwa ukitazama saa."
Kweli. Nilikuwa na zamu saa kumi.

Miche kumi na minne.
Nilipiga goti kwa kila mmoja,
naye akahesabu nami, kwa sauti,
akikosea makusudi,
ili nirudie.