Neno la Ubavuni

Kwetu Minangkabau mtu hujifunza kutembea mara mbili:
kwanza kwa miguu, kisha kwa ulimi.
Kuna neno la kupanda, la kumwendea aliyekuzidi umri;
la kushuka, kwa mtoto; la tambarare, kwa rika lako,
mnapopigana mabega na kucheka.
Halafu kuna malereng.
Hilo hupita ubavuni mwa mlima,
mguu mmoja juu, mmoja chini,
na ni la wakwe.

Nililijua kwa jina tu
mpaka nilipooa, nikahamia kwa mke wangu kama ilivyo ada,
sanduku moja na spana kumi na mbili.

Mama mkwe, Rosnidar, hanitumi kitu.
Humsema kuku.
"Wewe," humwambia akipepeta mchele, "kula unajua.
Kutaga, labda mwaka wa uchaguzi."
Kuku hutazama kando. Mimi huacha kutafuna.
Kesho yake niko gerejini kwa Yulizar, naomba kazi.

Siku nyingine ni paa la jirani:
"Jamani, wengine wanalala nyota zikiwachungulia."
Napanda juu ya letu na bati na nyundo.
Nikishuka, kahawa ya majani imemiminwa kwenye kifuu,
imewekwa dirishani,
kana kwamba aliyeandaliwa ni dirisha.

Usiku Erdawati hucheka mdomo ukiwa kwenye mto:
"Angekutukana waziwazi, ungefurahi?"
Nafikiri. Tusi ni jiwe, unajua lilikotoka.
Hili ni mvuke wa sufuria:
hakuna aliyekugusa, na shati limelowa.
Lakini jiwe halirudi mkononi.
Yeye asubuhi anaweza kusema hakusema,
nami kwamba sikusikia,
tukala.

Nikawa hodari mno.
Siku moja alisema, "Mvua inakuja."
Nilishinda nayo chini ya trekta: mvua ni nani?
Ni deni? Ni shemeji wa Padang?
Jioni nikakuta nguo zote zimelowa kambani,
naye amekaa mlangoni,
ananitazama usoni, mara ya kwanza,
kama mgeni asiyejua lugha.

Mwaka huu kazi imekauka.
Nimepata nafasi ng'ambo, Johor, miaka miwili,
mashine za kuchimba.
Kwa mama sikusema. Nilipiga msasa kutu ya sanduku
mahali atakapopita.
Hakuuliza.
Asubuhi ya safari alisimama kizingitini,
mkono juu ya fremu.
"Siku hizi unabana," akauambia mlango.
"Ukishafungwa, kuufungua ni kazi.
Na bega langu ndilo hili."

Nikautazama. Mlango haukuwa na tatizo.
Basi nami nikaweka mguu ubavuni, kwa woga,
nikaziambia spana zangu:
"Mbao huvimba wakati wa mvua.
Atakayeupiga randa kiangazi cha pili,
randa yake anaiacha hapa, juu ya kabati."

Akakaa kimya.
"Nilikuwa nasema mlango tu," akasema,
akausukuma kwa kidole kimoja,
ukafunguka.