Kabla Hujapanda Ngazi za Lusweti

Wakesho, kesho saa nne usichelewe,
lakini saa tatu pia usifike:
anayewahi mno huanika njaa yake mlangoni.
Kula kwanza. Ugali wa jana upo, upashe moto.
Tumbo tupu hutia sahihi haraka.

Mlango uko River Road, kati ya fundi wa simu
na duka la mbegu. Ngazi ni sitini na nane;
nilizihesabu nikipanda, nikazisahau nikishuka.
Ghorofa ya tatu simama, vuta pumzi.
Usiingie ukihema, atadhani ni woga,
na woga una bei yake, nayo huwa ya chini.

Atakuita "binti yangu." Itikia kwa adabu,
ila kumbuka baba yako yuko Wundanyi
na hana studio.

Akiuliza umeleta nini, usimwimbie wimbo mzima.
Mpe ubeti wa kwanza na kiitikio, kisha nyamaza.
Mtazame mguu, si uso.
Uso wa prodyuza umezoea wageni,
mguu haujafunzwa kuongopa.
Ule wa foleni ya maji Kayole uache mfukoni.
Huo ni wa siku ya pili, kama siku ya pili ipo.

Daftari nimekununulia, kurasa tisini na sita.
Nakili nyimbo zote leo usiku, kwa kalamu,
tarehe juu, na mwalimu wa kwaya atie jina lake chini.
Utaona ni ushamba. Andika tu.

Atasema ubeti wa tatu ni mrefu.
Ni mrefu, Wakesho. Nimekwambia tangu Krismasi.
Hapo mkubalie, sikio lake limekula nyimbo nyingi.
Akitaka mdundo wa kompyuta, jaribu, hautakuua.
Lakini akisema ulitoe lile neno la Kitaita
alilokuachia bibi, eti halieleweki mjini,
chukua gitaa lako.

Na karatasi akikuwekea mezani, iwe moja au kumi,
sema: "Naomba nikaisome nyumbani."
Akisema hakuna haja, basi haja ipo.
Akisema wenzako walitia sahihi papo hapo,
mwambie shangazi yako ni mmoja wao.

Babake ndiye aliyenirekodi.
Alinipa shilingi mia nne na soda ya machungwa.
Siku zile hiyo ilikuwa kodi ya miezi miwili,
nikacheka ngazi zote sitini na nane.
Miaka ishirini baadaye niko saluni, Kariokor,
kichwa kwenye beseni, sabuni masikioni,
redio ikafunguka na sauti yangu ikatoka,
changa, haina hata mkwaruzo.
Msusi akasema, "Huyu alijua kuimba, jamani.
Sijui alikufa?"
Nililipa. Nikatoka na nywele zimelowa,
nikatembea hadi Ngara bila kujua naenda wapi.

Simwiti mwizi yule mzee, usininukuu vibaya.
Ndiye aliyenilipia hospitali, Pumwani,
nilipomzaa Mghoi na mwanamume hayupo.
Hakudai. Wala daftari la mauzo hakunionyesha.
Wema wake na deni lake vililala mfuko mmoja,
na tangu azikwe sina wa kuniambia
nani alimdai mwenzake.
Kwa hiyo wewe tenganisha mapema:
asante ni ya mdomo,
sahihi ni ya wakili. Yupo mmoja Jogoo Road,
hutoza kidogo, huongea sana.

Vaa vile viatu vyeusi vya kisigino kifupi.
Mimi nitakuwa chini, kwa muuza mbegu,
nikiulizia bei ya sukuma nisiyo na mahali pa kuipanda.
Sipandi juu. Magoti, nimeshakwambia.
Lakini mwombe afungue dirisha,
na saa saba ikigonga hujashuka
nitasimama katikati ya River Road
niliite jina lako
kwa sauti ile wanayodhani waliinunua.