Kazi: Hana

Katika hesabu za mgodi wa Pantyfran, Welisi,
mwaka sabini na nane wa karne ile,
kati ya bei ya misumari na shayiri ya farasi
kuna mstari mmoja:
*Bi. Probert, kuosha maiti. Shilingi nne, na sabuni.*

Sabuni. Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta.

Wafu wamechongwa ukutani kanisani,
mia moja na kumi na saba, herufi za dhahabu.
Mwenye mgodi ana barabara.
Yeye nilimkuta kwenye kumbukumbu za uchunguzi,
siku ya tatu: Gwenllian Probert, mjane,
amtambua namba arobaini na moja
kwa soksi.

“Uso haukuwepo, bwana. Ila kisigino
nilikishona mwenyewe kwa uzi wa kijani.
Wa buluu ulikuwa umeniishia.”

Wakamshukuru. Hakuna aliyemuuliza ni nani wake.
Nimeuliza mimi, miaka yote hii baadaye:
mwanawe, Idris, wa kumi na minne.
Alimwosha mpaka nyuma ya masikio,
akamfunika,
akasema, arobaini na mbili, mleteni.

Sensa iliyofuata: nyumba ile ile,
chumba kimoja, wapangaji watatu.
Karani, kwa mwandiko wake wa mikia mirefu,
kwenye safu ya kazi amemwandikia:
hana.

Wanafunga maktaba. Vumbi la jalada
limenitia weusi vidoleni.
Sinki liko pale mlangoni, na kipande cha sabuni.
Bado sijainuka.