Ukucha Juu ya Spika

Langoni, kibanda cha pili baada ya mshona kofia,
amekuja mtu na simu, mishipa ya shingo imemtutumka;
ndivyo ninavyojua anapaza sauti.
Nampa daftari. Anaandika: Haitoi mlio.
Kisha chini, kwa herufi za kujificha:
Na wewe utasikiaje?

Nafungua skrubu nne. Napuliza mchanga wa Shela,
unga wa chumvi, unywele mmoja uliokatika.
Naweka ukucha juu ya spika.
Bado.
Bado.
Naam, huo hapo: mtekenyo, kama mguu wa inzi.
Benchi linaniarifu punda anapita nyuma; navuta kiti.

Mtu anaweka simu sikioni, uso unamlegea.
Kumbe kuna aliyekuwa akimngoja humo ndani.
Mia tatu. Sipunguzi.

Alasiri nampigia Rukia kwa video, msusi wa Malindi,
kiziwi mwenzangu. Mikono yangu ina grisi, yake povu;
tunateta bei ya vioo hadi wapita njia wanasimama,
wakidhani ni ugomvi.

Lile swali? Ninalo kurasa kwa kurasa,
miandiko ya kila namna.
Nazichana ndogo ndogo,
nafungia skrubu.